Namna ya Kuendesha Studio Moja ya Vitambaa, Kolaji na Michoro Mjini Moshi

Msanii anayeshona vitambaa, anayebandika vipande vya karatasi na anayechora kwa mkaa hushauriwa na karibu kila mtu achague kimoja kati ya hivyo vitatu, aachane na vingine. Ushauri huo unamfaa anayetaka kujulikana kwa bidhaa moja sokoni. Anayetaka kufanya kazi ya sanaa kwa miaka mingi bila kukaukiwa hana haja nao, kwa sababu kazi hizi tatu hulishana: mchoro ulioharibika hukatwa ukawa vipande vya kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, kolaji iliyotulia huwa ramani ya kitambaa, na kitambaa kilichokwisha hurudi mezani kikachorwa upya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuendesha mzunguko huo katika chumba kimoja cha kupanga mjini Moshi, kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa.

Chumba na mpangilio wake

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua chumba chenye dirisha linalotazama kaskazini au kusini, maana mwanga wake hautikisiki sana kutwa nzima, ilhali dirisha la mashariki huingiza jua kali asubuhi na la magharibi huliingiza alasiri. Jua la moja kwa moja hupausha vitambaa na kuufanya mwandiko wa penseli ung'ae usionekane vizuri. Wengi wetu hatuna nafasi ya kuchagua. Katika hali hiyo tundika kitambaa cheupe chepesi cha pamba dirishani, ukikifua mara kwa mara kwa sababu ya vumbi.

Meza moja kubwa inatosha, mradi ufuate zamu. Adui mkubwa wa studio ya namna hii ni unga wa mkaa, ambao hukaa kwenye ukingo wa meza na chini ya kucha, kisha hujitokeza siku utakapokunjua shuka jeupe. Kwa hiyo siku ianze na kitambaa, ifuate kolaji, na mkaa uwe wa mwisho. Ukimaliza kuchora usifagie pakavu. Futa meza na sakafu kwa kitambaa kibichi, unawe mikono kwa sabuni, na nguo ya kazi uiache mlangoni. Kazi za maji, yaani kutia rangi na kupika gundi, zifanyike nje au jikoni, kwa sufuria ambazo hazitarudi kupikia chakula.

Kutafuta malighafi

Katika Soko la Memorial, ambako mitumba huuzwa, mtu hupata mashuka ya zamani, mapazia na mashati ya pamba yaliyofuliwa mara nyingi hadi yakalainika. Kitambaa cha namna hiyo ni kizuri kuliko kipya kwa kazi ya mkono, kwa sababu sindano hupita bila kulazimishwa na hakitaruka tena kikilowa. Tatizo ni kujua kilivyofumwa, kwani pamba na poliesta hufanana machoni. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano, uziwashe kwa kiberiti juu ya kisahani: pamba huungua ikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kitone kigumu. Jaribio hili lifanyie pia vitenge, maana vingi vinavyouzwa siku hizi kwa bei nafuu si vya pamba, na hata shuka nyingi za Kimasai ni za akriliki. Si kwamba havifai. Havikubali rangi za mimea wala pasi ya moto, hivyo viweke katika mfuko wake.

Chanzo cha pili ni mafundi cherehani. Chini ya kila cherehani kuna vipande, ila usidhani ni takataka zinazosubiri mtu wa kuziondoa, kwani mafundi wengi huvitumia kujazia mito au kushonea mazulia ya mlangoni. Mwendee fundi kwa heshima, “Shikamoo mama, naomba unitunzie vipande vya vitenge, nitavipitia Ijumaa,” na uje hiyo Ijumaa kweli, ukiwa na chochote cha kumpa. Uhusiano wa namna hii una thamani kuliko kununua jora zima, kwa sababu vipande vya fundi vina maumbo ambayo wewe usingeyabuni: mpindo wa kwapa, nusu duara ya shingo, ukanda mwembamba wa kiuno. Maumbo hayo yasinyooshwe haraka. Mengi yanafaa yalivyo.

Karatasi ni rahisi kuzipata na ngumu kuziamini. Gazeti lina lignini nyingi, kiasili cha mti ambacho kikikutana na mwanga na hewa hubadilika kuwa cha manjano na kuufanya ukurasa ukatike. Ukitaka gazeti liwemo katika kolaji, kubali kwamba litabadilika rangi, au lipige fotokopi kwenye karatasi nyeupe. Kalenda za ukutani, mifuko ya saruji, bahasha za kaki na karatasi za manila kila moja ina unene na mlio wake. Mifuko ya saruji ikung'utwe nje, ukiwa umefunga kitambaa puani, kabla haijaingia chumbani.

Mkaa wa kuchorea unaweza kuutengeneza mwenyewe, na hapa Kilimanjaro tuna bahati ya kahawa. Mkulima anapopogoa mikahawa yake baada ya mavuno, omba matawi membamba yaliyonyooka, unene wa penseli au pungufu. Yamenye magome, yakate urefu wa kidole, yakaushe, kisha yapange yamebanana ndani ya kopo lenye kifuniko. Toboa kifuniko tundu dogo kwa msumari, uliweke kopo katikati ya jiko la makaa. Moshi utatoka tunduni kwa muda. Ukikoma kabisa, epua. Lisubiri kopo lipoe hadi liwe baridi ndipo ulifungue, kwani hewa ikiingia lingali na moto, vijiti vitawaka na utapata majivu. Kijiti kilichoiva huacha mstari mweusi bila kukwaruza. Kikikwaruza na kuacha rangi ya kahawia, hakijaiva, kirudishe jikoni pamoja na wenzake.

Mabaki yapangwe kwa mwanga

Hapa ndipo studio nyingi hukwama, na ndipo ninapoomba msomaji awe na subira. Kila mtu hupanga mabaki kwa rangi: nyekundu huku, buluu kule. Mpango huo unapendeza kwenye rafu lakini hausaidii mezani, kwa sababu picha husimama au kuanguka kutokana na jinsi weusi na weupe ulivyogawanyika, na rangi huja baadaye. Kipande chekundu na kipande cha kijani vikiwa na uzito mmoja wa mwanga vitamezana ukivitazama kwa mbali, hata kama vikiwa mkononi vinaonekana kugombana.

Chukua maboksi manne. La kwanza liwe la vipande vyeupe na karibu na vyeupe, la pili vyenye mwanga wa wastani, la tatu vilivyokolea, na la nne vyeusi na karibu na vyeusi. Changanya vitambaa na karatasi katika kila boksi; wala usitenganishe, kwa kuwa kusudi ni vikutane. Ukishindwa kuamua kipande kiende wapi, kipige picha kwa simu kisha uiondolee picha hiyo rangi, na jibu litaonekana. Kitenge chenye maua makubwa huleta utata, maana kina mwanga mwingi na giza jingi kwa pamoja. Kikate, au kihifadhi katika boksi la tano la vyenye michoro mikali, ambavyo hutumika kwa kiasi kama pilipili.

Mchoro

Kuchora kuwe kwa kila siku, na kuwe kwa muda mfupi. Dakika ishirini kabla ya kulala, kwa penseli ya 2B au kwa mkaa, zinatosha. Kinachochorwa kiwe kile kitakachohitajika katika meza nyingine: mkunjo wa kanga iliyotundikwa kwenye kamba, ukingo wa karatasi iliyochanwa, kivuli cha migomba ukutani. Kanga yenyewe ni somo zuri la mpangilio, kwa kuwa ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina chini ya mji, na sehemu hizo tatu zimekaa pamoja katika mstatili wa takriban sentimita 150 kwa 110. Chora kanga bila maua yake, mistari mikuu tu, utaona jinsi pindo pana linavyoushikilia mji.

Anayetaka kuona maumbo yaliyorahisishwa na bado yenye uhai atazame picha za Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, ambaye alionyesha watu wa vijijini wakiwa kazini bila kuhangaika na kila jani na kila kidole. Umbo la namna hiyo linaweza kukatwa kwa mkasi, na hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa michoro ya studio hii: jiulize kama unaweza kulikata bila kuinua mkasi. Likikataa, rahisisha.

Michoro isihifadhiwe yote. Kila mwisho wa mwezi ipitie, chagua michache ya kuweka, na iliyobaki iende katika maboksi manne. Wengine hupiga fotokopi wakakata nakala wakaacha mchoro wa asili salama. Mimi naona fotokopi ni ya lazima pale tu mchoro unapokuwa mzuri kweli. Mkono hukata kwa ujasiri zaidi unapojua kwamba karatasi iliyo mbele yake ni yenyewe.

Mkaa hufutika, kwa hiyo karatasi utakayobandika lazima itiwe dawa ya kushika. Wanafunzi wengi hutumia dawa ya kupulizia nywele, nayo inashika, ila huelekea kuwa ya manjano kadiri muda unavyopita. Kwa daftari haina ubaya. Kwa kazi ya kuuza tafuta dawa ya wachoraji, na uipulizie nje.

Kolaji

Gundi ya unga inatosha kwa karatasi na ni nafuu. Koroga sehemu moja ya unga wa ngano katika sehemu moja ya maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina polepole katika sehemu nne za maji yanayochemka huku ukikoroga, upike kwa moto mdogo hadi uji ung'ae na kushika mwiko. Ipoze, ichuje kwa kitambaa. Haikai siku nyingi katika joto letu, na mende huipenda, hivyo pika kidogo na tia matone machache ya mafuta ya karafuu. Penye kitambaa kizito au manila, tumia gundi nyeupe ya maji wanayotumia maseremala, ukiipaka nyembamba kwa brashi pana.

Karatasi ikilowa hutanuka, na hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Ikikauka hujivuta, na ndiyo sababu kolaji nyingi hujikunja kama kipande cha gome. Dawa yake ni mbili. Kwanza, bandika nyuma ya kazi karatasi nyingine ya unene uleule, mwelekeo wa nyuzi ukiwa sawa na wa mbele, ili pande zote zivutane. Pili, kausha kazi chini ya uzito, kati ya karatasi za kunyonya maji na mbao bapa, ukibadilisha karatasi hizo kila baada ya saa chache.

Kabla ya hayo yote, usibandike. Panga vipande juu ya ubao, vitazame kwa mbali, vipige picha, viache vilale. Asubuhi viangalie tena kabla ya chai. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, ameunganisha picha za vitabu vya tiba vya karne ya 19 na picha za majarida ya mitindo katika kolaji zake, na nguvu yake iko katika mahali kipande kimoja kinapogusana na kingine: je, ukingo umefichwa au umeachwa uonekane? Amua hilo kwa kila ukingo. Mchoraji Henri Matisse, aliyekulia katika mji wa wafumaji huko Bohain, kaskazini mwa Ufaransa, alipokuwa mgonjwa uzeeni aliwaagiza wasaidizi wapake karatasi rangi kwanza, yeye akazikata baadaye. Utaratibu wake unafaa kuigwa: siku moja ya wiki paka karatasi tu, bila kujua zitakwenda wapi, na siku nyingine kata tu.

Kutoka kolaji hadi kitambaa

Si kila kolaji iwe kitambaa. Inayofaa ni ile ambayo, ukiipunguza hadi ukubwa wa kiberiti kwenye kioo cha simu, bado inasomeka. Ikipita mtihani huo, chora miraba midogo juu ya nakala yake na miraba mikubwa yenye idadi ileile juu ya karatasi za kaki zilizounganishwa, kisha hamisha maumbo mraba kwa mraba. Kata maumbo hayo yawe ramani, uyaweke juu ya kitambaa, na uongeze sentimita moja kuzunguka kwa ajili ya pindo la kushonea. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti, usimame mbali utazame, ndipo ushone.

Mtaalamu wa cherehani ataunganisha vipande kwa nusu siku na mshono wake utakuwa imara. Bado nashauri sehemu kubwa ishonwe kwa mkono, kwa sababu uzi unaoonekana ni mstari wa mchoro, na mkono unaochora kila usiku unajua mahali mstari unapotaka kukoza na mahali unapotaka kukatika. Mchoraji Sonia Delaunay alimshonea mwanawe mfarishi wa vipande vya vitambaa mwaka 1911, akauona kama mwanzo wa picha zake zisizo na sura ya kitu. Njia kati ya kitanda cha mtoto na turubai ilikuwa fupi kuliko wengi wanavyodhani.

Ukitaka rangi zako mwenyewe, maganda ya vitunguu ndiyo mwanzo bora, na wauzaji wa Mbuyuni hawana kazi nayo. Fua pamba kwa sabuni na maji ya moto hadi maji yatoke safi. Iloweke usiku mzima katika chai ya rangi iliyokolea, suuza kidogo, kisha iloweke katika maji ya moto yenye shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Chemsha maganda kwa saa moja, uzito wake ukiwa angalau nusu ya uzito wa kitambaa, chuja, tia kitambaa, na ukiweke katika joto lisilochemka kwa saa moja nyingine. Utapata manjano iliyokolea hadi rangi ya kutu. Maji ambamo misumari yenye kutu imelowekwa pamoja na siki, yakitiwa kidogo, huigeuza rangi kuwa ya kijani kibichi cheusi. Yakizidi huila pamba. Bizari ya manjano inavutia sana, na ukiigusisha magadi huwa nyekundu, ila hupauka upesi kwenye mwanga, kwa hiyo itumie kwa majaribio na si kwa kazi ya mteja. Kausha kivulini. Maji yaliyobaki yasimwagwe kwenye mifongo inayonywesha mashamba ya watu.

Kufuata majira

Moshi ina mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka. Katika masika gundi haikauki, karatasi hunywa unyevu na kuvu huota ndani ya maboksi, hivyo miezi hiyo iwe ya kuchora na kushona kwa mkono. Januari na Februari, na tena Septemba na Oktoba, ni wakati wa kutia rangi na kubandika. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu. Rangi hukauka polepole ila macho hayachoki, na kushona giza juu ya giza hufanyika vizuri zaidi wakati huo kuliko kwenye jua kali. Umeme ukikatika, kazi ya mkono inaendelea. Pasi ya mkaa ikiwepo, hata mikunjo inanyooshwa.

Kumbukumbu, haki na usafirishaji

Andika nyuma ya kila kazi mwaka, vifaa na vipimo, kwa penseli kwenye karatasi na kwa uzi au utepe ulioshonwa kwenye kitambaa. Picha za watu wengine zilizokatwa magazetini zina wenyewe. Kwa Tanzania hakimiliki hudumu maisha ya muumbaji na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kazi ya kuuza itegemee zaidi michoro na picha zako mwenyewe.

Kitambaa kinachosafiri kwa basi kwenda Arusha au Dar es Salaam kisikunjwe. Kizungushe kwenye bomba la plastiki lililofunikwa kwa karatasi safi, uso wake ukiwa nje ili mishono isijikunje, kisha kifunge kwa shuka la pamba na juu yake nailoni. Kolaji ilale bapa kati ya mbao mbili nyembamba zilizozidi ukubwa wake kwa vidole vinne kila upande, na kifurushi kiandikwe namba ya simu ya mpokeaji pande zote mbili, maana upande mmoja lazima utakuwa chini ya gunia la mtu.